Nyundo ya Baba na Jiwe Namba Nne

Wale maprofesa wawili sikuwapenda tangu siku ya kwanza, na hadi leo siwapendi, ila siku hizi nawadharau kwa sauti ya chini. Mmoja nilimwita Nyota, mwingine nilimwita Makaburi. Walikuwa na majina yao ya heshima, marefu, yenye vyeo mbele na nyuma, lakini mtu akizungumza jambo moja tu kuanzia chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana, jina linajileta lenyewe.

Juu ya kilima, nyuma ya tangi la maji la mji wetu, kuna mawe kumi na matatu yaliyosimamishwa kwa duara. Nani aliyasimamisha, lini, na ili iweje, hakuna aliyeacha maelezo. Nyota alisema ni kalenda. Eti watu wa kale walisimama katikati, wakatazama nyota zikichomoza juu ya jiwe hili na lile, wakajua msimu wa kupanda umefika. Makaburi alisema ni makaburi, kila jiwe na mkubwa wake chini. Wakachimba, hawakukuta hata jino. Makaburi akasema mifupa imeyeyuka. Kisha mawingu yakafunika anga miezi miwili mfululizo, wakati ule ule wa kupanda, na Nyota akasema zamani hakukuwa na mawingu mengi namna hii. Watu wazima hao, wenye miwani.

Mimi ni fundi mchonga mawe. Karakana yangu iko mtaa wa nyuma ya hospitali, na hapo ndipo panapofaa, maana kazi yangu kubwa ni mawe ya makaburi: jina, tarehe mbili, na maneno mawili matatu ambayo familia hugombania hadi mashangazi wanuniane. Kanuni yangu ni moja. Sigusi jiwe mpaka familia iniwekee sahihi kwenye karatasi yenye maneno yote, herufi kwa herufi, kwa sababu jiwe halina kifutio. Ukikosea kwenye karatasi unakata mstari. Ukikosea kwenye jiwe unatafuta jiwe lingine na mahali pa kuficha uso. Kwa hiyo kamati ya mawe iliponiita nichonge bamba la kuwekwa langoni, la kuwaeleza wageni mawe yale ni nini, niliwaambia hivyo hivyo: nileteeni maneno yenye sahihi, mengine hayanihusu.

Nilisema uongo. Lilikuwepo jambo moja lililonihusu sana, nalo ni baba.

Marehemu baba alikuwa fundi kabla yangu, tena fundi kuliko mimi. Nilipokuwa na miaka tisa, mawe matatu kati ya yale yalikuwa yamelala chini, na watu wa manispaa wakamwita ayainue. Aliyasimamisha kwa mitaimbo, kamba na wanaume wanane, kazi ya wiki tatu, na hakuna lililotikisika tena. Huyo ndiye aliyechonga majina ya nusu ya maiti wa mji huu. La kwake nilichonga mimi, nikaliweka kaburini kwake, na miaka sita baadaye barabara ikapanuliwa, makaburi ya zamani yakasawazishwa, jiwe likaenda na kifusi. Mtu aliyeandika majina ya wote, jina lake mwenyewe haliko popote. Niliiambia kamati nitachonga bamba lao kwa sharti kwamba mstari wa mwisho useme mawe matatu yaliyoanguka yalisimamishwa na baba yangu, na jina lake kamili liwepo. Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu anayekubali kila kitu ilimradi chai yake isipoe, akaitikia kwa kichwa. Nilitoka pale nikitembea kama bwana harusi.

Shida ikawa mistari ya juu. Kamati ilikutana kwenye chumba cha nyuma cha maktaba, kati ya makabati ya magazeti ya zamani, na kila walipokutana Nyota alitaka neno "kalenda" na Makaburi alitaka neno "makaburi". Mkutano wa tatu walibishana saa nzima kama neno la kwanza liwe "mawe" au "minara". Mimi nilikaa kwenye kiti changu karibu na mlango, mikono kifuani, nikiwatazama. Nilikuwa naona raha, sifichi. Watu waliosoma hadi nywele zikawatoka, wanashindwa kumaliza sentensi moja.

Katibu wa kamati alikuwa binti yangu. Ni mpima ardhi, na tangu utotoni tunamwita Futi, kwa sababu alipojua tu kutembea alianza kupima kila kitu: meza, paka, miguu ya bibi yake. Akili anazo. Lakini alikuwa na ugonjwa ulionikera kuliko maprofesa wote wawili, nao ni kwamba hakuwa na upande. Ukimuuliza mawe yale ni nini, anakwambia Nyota ana hoja tatu nzuri na mbili mbovu, Makaburi ana mbili nzuri na tatu mbovu, na huenda wote wamekosea. Hapo amemaliza, anaendelea kula. Siku moja akaniletea karakanani rasimu ya maneno ya bamba, imeandikwa kwa mkono wake ule ulionyooka. Ilisema: "Wapo wanaosema mawe haya yaliwekwa kuhesabu misimu. Wapo wanaosema ni alama za makaburi. Kila upande una ushahidi na kila upande una mapengo. Hatujui."

Niliisoma mara mbili, nikavua miwani.

"Hili neno la mwisho ni la nini?"

"Ndiyo hali halisi, baba."

"Nimechonga miaka thelathini na mitano. Nimechonga 'mpendwa wetu' kwa watu waliochukiwa na mtaa mzima. 'Hatujui' sijawahi kuchonga. Mtu apande kilima chote kile, jua linamchoma utosi, afike aambiwe hatujui?"

"Afadhali aambiwe hivyo kuliko adanganywe."

"Huo ni woga tu. Umekaa katikati ili hao wawili wasikununie."

"Haya, wewe unasema ni nini?"

"Nasema wote wawili hawana wanalolijua, na siku moja nitawaonyesha."

"Kwani ulikuwepo?" akaniuliza. "Yalipowekwa, baba, ulikuwepo?"

Alikuwa anatabasamu. Nikamwambia arudi kazini kwake akapime viwanja vya watu.

Sasa nieleze kwa nini nilikuwa na uhakika. Baadhi ya mawe yale yana matundu, ya ukubwa wa kidole gumba, yamepangwa mstari. Nyota alisema walikuwa wanahesabia miezi. Makaburi alisema walikuwa wanawamwagia wafu vinywaji. Nilipowasikia mara ya kwanza nilitoka nje nikacheka peke yangu, kwa sababu mtoto yeyote wa fundi anajua matundu ya mstari ni ya nini. Ukitaka kupasua jiwe unatoboa matundu kwenye mstari, unapachika kabari za chuma, unapiga ya kwanza, ya pili, ya tatu, unarudi mwanzo, mpaka jiwe linaachia lenyewe. Kila kipande kinabaki na nusu ya kila tundu. Jiwe Namba Nne liko hatua kumi kutoka langoni, na ukingo wake wa juu una nusu-matundu saba yanayoonekana hata ukiwa barabarani. Nilikuwa nayaona kila nikipita, miaka nenda miaka rudi, na sikuwahi hata kuinama.

Hilo Namba Nne ni fupi, linanifika kiunoni, wakati wenzake wote wananipita kichwa. Nyota alisema lilifanywa fupi ili nyota ya alfajiri ionekane juu yake. Makaburi alisema ni la mtoto wa mfalme. Mfalme gani, usimuulize.

Mwenyekiti alipochoka na ugomvi wa mezani aliamua kamati ipande kilimani, kila mtu aonyeshe anachokisema palepale penye mawe. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo. Nikatia nyundo ya baba kwenye mfuko wa turubai. Tulipanda asubuhi, mwenyekiti na chupa yake ya chai, Nyota na ramani, Makaburi na kofia kubwa, Futi na utepe wake na daftari. Tulipofika kwenye Namba Nne, Nyota akaanza kuhesabu: matundu saba, nyota saba. Makaburi akamkatiza: matundu saba, ndugu saba wa marehemu. Nikaomba dakika mbili.

"Waheshimiwa," nikasema, "mimi sikusoma sana, mnisahihishe. Fundi anapotaka kupasua jiwe, nafasi kati ya tundu na tundu hapimi kwa utepe. Analaza kichwa cha nyundo yake, anatia alama, analaza tena. Kila fundi na nyundo yake. Basi tutazame."

Nikalaza nyundo kati ya tundu la kwanza na la pili. Ikakaa barabara, kama iliyopimiwa. Nikailaza kati ya la pili na la tatu, ikakaa. Nikaenda hivyo hadi la saba, polepole, makusudi, huku nawatazama usoni mmoja mmoja.

"Kalenda yenu ni kazi ya kabari," nikasema. "Na mtoto wa mfalme wenu ni jiwe lililokatwa kichwa na mtu aliyekuwa na haraka zake. Miezi saba mnakunywa chai ya maktaba kwa ajili ya hiki?"

Mwenyekiti alicheka hadi chai ikammwagikia suruali. Nyota akavua miwani akaanza kuifuta, na haikuwa na vumbi. Makaburi akainama kutazama viatu vyake. Nilijisikia mtu mkubwa. Nilitamani baba angekuwepo, aone mwanawe anavyowakalisha wasomi chini bila kupandisha sauti.

Futi hakucheka. Alikuwa amepiga magoti mbele ya jiwe, kidole ndani ya tundu la tatu.

"Baba, hiyo nyundo ni ya nani?"

"Ya babu yako. Nani asiyeijua?"

"Ilinunuliwa dukani?"

"Dukani wapi. Ilifuliwa na mhunzi, kwa kipimo cha mkono wake. Hakuna nyingine yenye kichwa kama..."

Nikaishusha nyundo. Nilikuwa nimelisema mwenyewe, mbele ya mashahidi, kwa mdomo wangu, na nilikuwa nimelithibitisha mara sita kwa nyundo yangu.

Futi aliinuka, akaniomba nyundo kwa mikono miwili, akaenda nayo kwenye Jiwe Namba Saba. Sote tukamfuata. Matundu ya Namba Saba hayako ukingoni, yako katikati ya uso wa jiwe, mazima, na mstari wake unapinda. Ndani ni laini, kama kikombe kilichooshwa miaka mingi. Alilaza nyundo kati ya mawili, ikapwaya. Kati ya mengine, haikuingia. Namba Tisa vivyo hivyo. Yale matundu hayakuwa yamepasua kitu chochote. Fundi yeyote angeliona hilo kwa kuinama mara moja, na mimi nimepita pale miaka yote nikiwacheka wanaoinama.

"Kwa hiyo haya si ya kabari," Makaburi akasema polepole. Rangi ilikuwa inamrudia.

"Haya hapana," Futi akajibu. "Ya Namba Nne, ndiyo."

"Na Namba Nne nani alilipasua, Fundi?" Nyota akaniuliza, kwa upole uliopakwa asali.

"Mafundi wa zamani walikuwa wengi," nikasema.

"Wenye nyundo ya baba yako?"

Futi alirudi Namba Nne, akanyoosha utepe juu ya ukingo uliopasuka, akaandika: futi tatu na inchi mbili. Kisha akainua macho akanitazama, na mimi nikamtazama. Sisi wawili tulikuwa tunajua mahali lilipo jiwe lenye futi tatu na inchi mbili, lenye nusu-matundu saba kwenye ukingo wake. Ni kizingiti cha mlango wa nyumba yetu. Alipokuwa mdogo alikuwa anapanga vizibo vya chupa ndani ya vile vitundu, na mimi kabla yake nilipanga kokoto. Sikuwahi kujiuliza jiwe lile lilitoka wapi. Baba alikuwa fundi, na nyumba ya fundi haikosi jiwe.

Futi alifunga daftari. "Kipande cha juu hakipo hapa kilimani," akasema. "Nimeandika hivyo." Na ilikuwa kweli, hakikuwepo pale.

Nilifika nyumbani nikachuchumaa mlangoni na utepe. Mke wangu alikuwa ndani anapiga pasi.

"Baba Futi, unakipimia nini kizingiti? Kinataka suruali?"

Nikamweleza. Aliweka pasi pembeni, akaja akasimama juu yangu, mikono kiunoni. Aliishi na marehemu mama yangu miaka kumi na minne chini ya paa moja, na mama alikuwa na simulizi kuliko redio.

"Hilo jiwe mama mkwe aliniambia habari zake," akasema. "Alikuwa na mimba yako, mvua kubwa, akateleza hapo mlangoni kwenye matope, akalala kitandani wiki nzima hawajui kama utabaki. Baba mkwe akatoka asubuhi bila kuaga, jioni akarudi na jiwe kwenye mkokoteni."

Nilikaa chini palepale kwenye kizingiti.

"Usikae ukalia bado," akasema. "Mwaka mwingine aliniambia habari nyingine. Kwamba lile jiwe kule kilimani lilikuwa na ufa juu, limeinama, na karani wa manispaa ndiye aliyemwambia mumewe alipunguze kabla halijamwangukia mtu, kipande achukue. Na kuna siku amemkasirikia marehemu mzee, akaniambia mumewe alikuwa na mkono mrefu, hata jiwe la watu hakuliacha."

"Sasa ipi ndiyo kweli?"

"Mama mkwe alisimulia kulingana na alivyoamka siku hiyo. Mimi ningejuaje?"

Jioni Futi akaja. Hakukanyaga kizingiti, alikiruka, na hilo liliniuma kuliko maneno yote ya siku ile.

"Sikusema kule," akasema, "kwa sababu si mimi wa kusema. Utakachosema wewe ndicho nitakachoandika."

"Na nisiposema kitu?"

"Nitaandika kipande hakijapatikana. Nitakuwa nadanganya, na wewe utachonga."

"Unataka babu yako aitwe mwizi?"

"Sitaki aitwe kitu ambacho hatukijui."

Nilimfukuza. Nilimwambia hayo maneno yake ya kukaa katikati ayapeleke kwa hao maprofesa wake, wanafanana. Aliondoka, na mama yake akaninunia siku tatu.

Siku tatu hizo nilikuwa karakanani, mbele ya bamba tupu. Hesabu yangu ilikuwa rahisi hata kwa mtu asiyesoma. Nikinyamaza, mstari wa mwisho unabaki kama ulivyo: jina la baba, kamili, mahali ambapo hakuna barabara itakayopita. Nikisema, wale wawili watalifuta kabla sijamaliza sentensi. Sikuwa na nafasi nyingine ya kuliweka jina lile juu ya jiwe. Nikachukua penseli nikaanza kuchora herufi zake kwenye bamba, kubwa, nzuri, jinsi alivyonifundisha yeye. Nikafika katikati ya jina nikakwama. Miaka yote nimechonga uongo wa watu bila wasiwasi, kwa sababu chini ya uongo huo kulikuwa na sahihi yao, si yangu. Safari hii mwenye familia nilikuwa mimi. Sahihi ilitakiwa iwe yangu, na yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kutochonga bila sahihi. Nilikasirika hadi nikatupa penseli. Nilimkasirikia Futi, nikamkasirikia Nyota, na mwisho nikamkasirikia baba, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu afariki.

Asubuhi ya mkutano uliofuata nilichukua mtaimbo nikang'oa kizingiti. Kilitoka kwa shida, kimekaa pale zaidi ya miaka hamsini. Mke wangu alisimama pembeni akinitazama, kisha akanisaidia kukiviringisha hadi kwenye mkokoteni. Nilikisukuma hadi kilimani peke yangu, nikawatumia kamati ujumbe kwamba mkutano uko huku, si maktaba. Walipofika walikuta nimekiegemeza kwenye Namba Nne, ukingo kwa ukingo. Nusu saba zilikutana na nusu saba, zikawa matundu mazima.

Nikawaambia kilipokuwa, na kwamba kilikuwepo kabla sijazaliwa.

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu kamati iundwe, wale wawili walikubaliana.

"Ni wazi," Nyota akasema. "Aliiba."

"Hakuna maelezo mengine," Makaburi akasema. "Na ndiyo maana baadaye akaenda kuyasimamisha yale matatu, ili asishukiwe. Jina la mtu kama huyo haliwezi kukaa langoni. Kitu kiko wazi kabisa."

Walikuwa wamesimama bega kwa bega, mikono kifuani, midomo imepinda kidogo upande. Nilikuwa naijua sana sauti ile. Nimeitumia miezi saba kwenye kiti changu karibu na mlango.

"Mlikuwepo?" nikauliza.

Wakatazamana.

"Nauliza, alipolipasua, mlikuwepo?"

"Fundi," mwenyekiti akasema taratibu, "wewe basi tuambie. Ilikuwaje?"

Nikawaambia ya matope na mama yangu kitandani. Nikawaambia ya karani na ufa. Kisha nikawaambia na ya mkono mrefu, ambayo ningeweza kuimeza, na mke wangu hakuwepo pale kunishuhudia.

"Sasa tuandike ipi?" mwenyekiti akauliza. Chai yake ilikuwa imepoa mkononi.

Nilimtazama Futi. Alikuwa ameinamia daftari, kalamu imesimama juu ya karatasi, hanisaidii hata kidogo. Neno lile lilikuwa jepesi kwenye rasimu yake. Mdomoni mwangu lilikuwa zito kama kizingiti.

"Andikeni hatujui," nikasema.

Nyota akacheka kidogo puani. Mwenyekiti hakucheka. Akasema kama ni hivyo kwa jiwe moja la juzijuzi, ambalo mtoto wa mwenyewe na mjukuu wake wapo hapa na hawajui, basi yeye hawezi kuweka sahihi kwa yale kumi na mawili ya mamia ya miaka kwa neno la mtu yeyote. Akaomba kalamu. Rasimu ya Futi ikapita kama ilivyokuwa, ikaongezwa mistari miwili: kwamba mawe matatu yaliyoanguka yalisimamishwa na fundi, na jina la baba kamili, na kwamba fundi huyo huyo alikuwa amelipasua Jiwe Namba Nne, kwa sababu gani, hatujui. Wote waliweka sahihi. Makaburi aliweka ya mwisho, kwa kubonyeza kalamu hadi karatasi ikatoboka. Mimi niliweka chini kabisa, mahali pa familia.

Bamba lilinichukua wiki mbili. Jina la baba lilienda vizuri, mkono uliijua njia. Neno la mwisho nililichonga siku nzima, herufi saba tu. Futi alikuja jioni hiyo akapuliza vumbi kwenye herufi, akazipima, bila shaka, akasema zimelingana. Kizingiti kimebaki kilimani kando ya mwenzake, na mlangoni kwetu mke wangu ameweka ubao.

Siku hizi wageni wakishasoma bamba, na wakijua kuwa mchongaji ni mimi, hunifuata wakanong'ona: lakini wewe Fundi, kati yetu, unadhani aliiba? Huwa nawatazama kwa dharau yangu ile ile, haijapungua, nawaambia warudi wakasome mstari wa mwisho, kama kusoma wanajua. Wanaondoka wamenuna.

Futi ndiye pekee aliyeniuliza vizuri. Tulikuwa tunashuka kilimani siku ya kulisimamisha bamba, amebeba mfuko wa vyombo vyangu.

"Moyoni, baba. Unaamini ipi?"

"Ya matope," nikamwambia.

"Bado kuna nafasi chini ya bamba. Nikiwaomba kamati tuiongeze, angalau kama simulizi ya familia, wewe utaichonga?"

Nilimwambia hapana, kwa sababu hiyo ndiyo ninayotaka iwe kweli.